Siku Niliyowapeleka Kina Mama kwa Nyangumi

Kwetu bahari ilikuwa rangi ya buluu pembeni mwa ramani ya darasani. Maji makubwa kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na hata hayo tulikatazwa kuyakaribia. Ungeniambia siku hizo kwamba riziki yangu itakuja kumtegemea nyangumi, tena Dubai, ningekuuliza umekunywa nini.

Nilikuwa mlinzi kwenye jumba dogo la makumbusho ya bahari, upande wa Deira. Mlinzi wa mlango. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kutabasamu, kukagua mikoba na kuwaambia watoto wasikimbie. Msimu huo yaliletwa maonyesho ya historia ya uwindaji wa nyangumi, vitu vya kuazima kutoka nchi za baridi: mataya, mapipa, masufuria ya chuma ya kuchemshia mafuta, na picha za wanaume wenye ndevu waliosimama juu ya mgongo wa mnyama kama mafundi juu ya paa. Nilivipita kila asubuhi nikienda kuvaa sare, wala sikuvitazama mara mbili.

Nilianza kuvitazama kampuni yangu ya ulinzi iliponiambia kwamba mwezi ukiisha nitahamishiwa kwenye ghala moja huko Jebel Ali, kulinda uwanja wa malori. Nje, mwezi wa saba. Anayelijua jua la huko mwezi huo hahitaji maelezo, na asiyelijua namwombea asilijue. Nikamwendea madam, msimamizi wa maonyesho, mama wa Kiarabu aliyesomea mambo ya bahari, mpole lakini si wa kuchekacheka. Nilimlilia shida yangu kwa Kiingereza changu chote. Akanisikiliza, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: je, mimi si nazungumza Kiswahili?

Kumbe kulikuwa na kundi la kina mama wa asili ya Unguja, wakazi wa Dubai tangu enzi, walioomba kutembezwa kwa Kiswahili. Si kwamba Kiarabu hawakijui, wanakijua kuliko mimi ninavyokijua Kiingereza. Walitaka tu, angalau mara moja, mtu awaeleze jambo katika jumba la watu kwa lugha ya nyumbani kwao. Madam akaniwekea mambo wazi. Nikiwatembeza wakatoka wamefurahi, ataiomba kampuni iniache niwe ndani, nitembeze wageni. Wakitoka wamenuna, khalas, imekwisha, ghalani.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Shuleni insha zangu zilisomwa mbele ya gwaride. Nilijua hamadi kibindoni, nilijua kufumba na kufumbua, nilijua mambo yote yafanyikayo kwa udi na uvumba. Udi wenyewe sikuwa nimewahi kuuona, wala uvumba, lakini alama nilizipata. Chumbani kwetu Al Nahda, kitanda cha chini ya changu alilala dada mmoja kutoka Dodoma, msusi wa saluni, na yeye ndiye niliyemfanyia mazoezi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, Kiswahili chako kizuri," akasema, "ila unaongea kama unamshtaki mtu."

Nikamwambia ana wivu.

Maelezo ya vitu yote yalikuwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Kiarabu changu ni cha yalla na inshallah, kwa hiyo nilifuata Kiingereza, nikitafsiri kichwani nikiwa ndani ya basi. Neno lililonishinda nililizunguka. Ukikosa jina la kitu unaeleza kinavyofanya kazi, na mtu mwenye akili zake atakuelewa. Ndivyo nilivyojiaminisha.

Walifika asubuhi ya Jumatano kwa basi dogo kutoka Al Twar, kina mama kama wanane hivi, mabuibui meusi, mikoba ya bei. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mfupi mwenye fimbo, ambayo aliitumia zaidi kunyooshea vitu kuliko kutembelea, na pembeni yake binti yake, mwanamke wa umri wa mama yangu. Mlango ulipofunguka harufu yao ilitangulia: udi, mawaridi, na kitu kingine kizito, kitamu, ambacho sikukijua. Mimi niliyezoea harufu za ndani ya basi la asubuhi nilisimama nikavuta pumzi mpaka mwisho, nikasema kutoka moyoni, kwa sauti ile ile ya gwaride:

"Shikamooni kina mama. Karibuni sana. Aki mnanuka vizuri."

Kina mama wakatazamana.

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Kwetu bara ua hunuka, chapati hunuka, na panya aliyefia darini hunuka. Tukitaka kusifu tunaongeza "vizuri" mwishoni, basi. Wenyewe wenye lugha wana kunuka kwa uvundo na kunukia kwa manukato, na kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja tu na ugomvi wa ukoo mzima.

Bibi akamgeukia binti yake. "Kasemaje huyu?"

"Anasema tunanukia, mama."

"Sivo alivosema. Kasema tunanuka." Akanitazama tangu kofia mpaka viatu. "Haya mwanangu, marahaba. Kukoga tumekoga, lakini huenda hatukukoga vyema."

Madam alikuwa amesimama kando. Aliona wote wamenyamaza, akadhani ni heshima, akanitikisia kichwa niendelee.

Nikaanza na taya, ambalo lilikuwa limesimamishwa kama lango la kuingilia ukumbini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba woga unanirudisha kijijini. Ngeli zote nilizozikariri, zilizonipatia zawadi ya kamusi, zilitoka mbio zikaniacha peke yangu.

"Kina mama, hii mfupa…"

"Huu," akasema bibi.

"Huu mfupa ni taya ya nyangumi."

"La."

Nikasoma tena maelezo ukutani kuhakikisha. "Si taya, bibi?"

"Taya."

"Basi ni taya ya nyangumi."

"La," akasema tena, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga vifungo. "Taya *la* nyangumi."

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko cha mdomoni. Nina hasira za karibu, na hakuna kinachozipandisha kama kusahihishwa jambo ninalolijua. Nikajiambia, ghala, dada, kumbuka ghala, nikawapeleka kwenye silaha.

Ukutani kulikuwa na vyuma virefu vyenye ncha ya ndoana, vya kumchomea nyangumi akiwa majini. Nikaamua kurudi kwenye insha, kule ninakojiweza. Nikavuta pumzi nikawaambia kwamba mabaharia hao mashujaa walijitoma kilindini kwa udi na uvumba, wakiwa wamejihami kwa mikuki hii mikali mithili ya wembe.

"Chusa," akasema bibi. "Mkuki wa nchi kavu. Hichi chusa."

"Chusa," nikarudia.

"Na udi walichukua wa nini? Kuwinda walikwenda au harusini?"

Binti yake akageuka akajifanya anakohoa. Nikaeleza kwamba ni msemo tu, maana yake kwa kila njia. Bibi akasema anajua ni msemo, alikuwa akiusikia kabla mamangu hajazaliwa, ila alitaka kujua kama mimi najua udi ni nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akanisogezea kifundo cha mkono puani. "Huo," akasema. "Sasa endelea na mashujaa wako."

Tangu hapo mambo yakawa mepesi. Sijui ni kwa sababu niliacha insha, au kwa sababu walishaamua kwamba mimi ndiye maonyesho. Nilipowaambia nyangumi si samaki, kwamba huzaa na kunyonyesha, walisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mmoja aliuliza maziwa hayachanganyiki na maji ya chumvi? Mwingine aliuliza, kama si samaki, wale waliomla walimchinja vipi, nani alipanda juu na kisu. Wa tatu akasema hachinjwi, cha baharini ni cha baharini, na wakaendelea wenyewe kwa wenyewe, wakafika kwa Nabii Yunus na kama aliyemmeza alikuwa chewa au nyangumi. Nikasema kanisani kwetu tunamwita Yona. Bibi akasema jina si neno, muhimu alitoka.

Na walipofika kwenye vazi la kubana kiuno, lile la wanawake wa Ulaya wa zamani, nikawaeleza kwamba vile vijiti vilivyoshonewa ndani vimetoka kinywani mwa nyangumi, vile anavyochujia chakula, walishika mbavu zao kwa kicheko. Mmoja alijipima kwa macho akasema yeye angehitaji nyangumi wawili. Madam kule pembeni alikuwa anatabasamu, na huyo si mtu wa kutabasamu kazini. Ghala nililiona likienda mbali, malori yake na vumbi lake.

Kisha tukafika kwenye kisanduku cha kioo.

Ndani yake kulikuwa na kitonge cha kijivu, kama lile jiwe la kusugulia visigino. Jina lake la Kiingereza lilinishinda kutamka, na la Kiswahili sikuwa nalo, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kulizunguka kama kawaida yangu. Tatizo lilikuwa moja tu, neno la kueleza kilipotokea. Lipo lile fupi la wazi, ambalo kwetu na kwao halitamkwi mbele ya watu wazima. Nikachagua la kitabu cha sayansi.

"Hiki hapa ni kinyesi cha nyangumi," nikasema. "Kinakwama tumboni, kinagandamana huko miaka, halafu anakitoa kinaelea mpaka ufukweni. Na dunia ina mambo, kina mama. Kuna watu wanaokiokota wakajipaka. Wengine mpaka wanakinywa."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Bibi alikuwa ameinama kwenye maandishi ya Kiarabu, midomo ikienda taratibu. Akanyooka.

"Ambari," akasema.

Sikuelewa. Nilimwona mama mmoja akiinua mkono wake mpaka puani, akaunusa, kisha akaushusha akauweka mbali na mwili wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mwenzake akauliza kwa sauti ya chini, "Ile ya kwenye kahawa?" Akajibiwa, "Hiyo hiyo." Wa tatu akasema, "Na ya kanzu ya harusi ya mwanangu," wala hakuwa anauliza. Mama mmoja mnene, yule wa nyangumi wawili, alikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani ameshika tumbo. Mwingine alijaribu kutuliza mambo. "Wahenga walisema," akaanza, "… ya kale hayanuki." Neno la kwanza alilimeza kwa adabu, na hakuna aliyemshukuru.

Ndipo nilipoijua ile harufu nzito, tamu, iliyotangulia mlangoni asubuhi. Nilikuwa nimeisifu.

Madam naye alishaona nyuso. Nikasikia viatu vyake vikija kutoka upande wa pili wa ukumbi, bila haraka, na hilo la kutokuwa na haraka ndilo lililonitisha.

"Nani kakwambia maneno haya?" akauliza bibi.

"Imeandikwa, bibi."

"Hapa kwa Kiarabu hawakuandika hivo. Wameandika yatoka kwa nyangumi, basi."

"Kwa Kiingereza wameandika yote."

"Una hakika? Choo?"

Ningeweza kulainisha. Ningeweza kusema labda, wataalamu hawajakubaliana, Mungu ndiye ajuaye. Kazi ilikuwa palepale mkononi, ningeinusuru kwa neno moja. Lakini asubuhi nzima nilikuwa nimesahihishwa kila kitu mpaka herufi, na katika jumba lote lile hili lilikuwa jambo moja nililolijua wao wasilijue. Kiburi kikanishika.

"Choo, bibi. Cha nyangumi."

Akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Binti yake akamkimbilia akimwita mama, mama, na mimi nikahisi moyo unanishuka mpaka kwenye viatu vya sare. Nimemliza mama wa watu, nikawaza, tena mzee, tena kwa kinyesi. Kisha akainua uso, na nikaona kwamba anacheka. Alicheka kicheko kisicho na sauti, machozi yakimtiririka, mpaka ikabidi ashikwe.

"Marehemu babaako," akamwambia binti yake alipopata pumzi, "unamjua alivokuwa na kinyaa. Kikombe kikinuka yai hanywi. Nzi akitua ukingoni mwa sahani, sahani nzima inatoka nje. Na mie kila Alhamisi namkunia ambari kwenye kahawa. Anakunywa, analamba midomo. Anambia, bibi weye, leo umeikusudia."

Hapo wakaangua wote. Yule wa kwenye benchi alicheka akiwa bado ameshika tumbo. Binti alikaa chini kabisa, sakafuni, na buibui lake zuri.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wallahi natamani angekuwapo," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Si kwa kitu kingine. Nimwambie hili tu, niutazame uso wake."

Nilimpenda yule bibi saa ile ile, na nikahisi machozi yananilenga mimi niliyekuwa sina mume wala ambari. Nilijua pia kwamba madam ameshafika nyuma yangu.

Alichokiona ni hiki: mgeni wake mkubwa analia, mmoja yuko benchini ameshika tumbo, mmoja yuko sakafuni. Akaniuliza kwa sauti ndogo nimewaambia nini. Nikamwambia. Akafumba macho kidogo, akauliza kama nimelisema kwa neno hilo hilo. Nikamjibu nimetumia neno la shuleni, la adabu. Hakuonekana kufarijika.

Akamgeukia bibi, mkono kifuani, akaanza kuomba radhi kwa Kiarabu, radhi ndefu yenye ngazi nyingi. Bibi naye akamjibu kwa Kiarabu, kirefu vilevile, akinyoosha fimbo kwenye kisanduku, kisha kwangu, kisha kwenye kisanduku tena. Mimi niliambulia khalas moja na inshallah mbili, na hapa Dubai maneno hayo yanaweza kukufungia jambo lolote, pamoja na kazi yako. Nikaanza kupanga kichwani nguo nyepesi za kuvaa chini ya sare huko ghalani.

Walipomaliza, madam alinitazama kama ninavyoutazama mimi mkoba uliopita kwenye mashine bila mashine kulia wakati naona kabisa kwamba umebeba kitu.

"Wanarudi Jumatano ijayo," akasema. "Anataka uwatembeze wewe. Nilimpa mtu mwingine, amemkataa." Akatoa simu yake. "Nitaipigia kampuni yako leo."

Sioni haya kusema kwamba nilikwenda nyuma ya taya la nyangumi nikafuta macho kwa kofia.

Nikawasindikiza nje mpaka kwenye basi, kwenye joto lililokuwa limetusubiri mlangoni. Kina mama wakapanda mmoja mmoja, wakinipungia, wengine wakinusa mikono yao na kucheka upya. Bibi alikuwa wa mwisho. Nikamshika kiwiko, nikaanza kumshukuru, Mungu akubariki bibi, umeniokoa, hujui umenifanyia nini.

"Usinishukuru," akasema. "Nina shida zangu."

Nikakiachia kiwiko chake.

"Marehemu katuacha wawili. Jumatano namleta mke mwenzangu. Yuko mtaa wa pili na kwangu, na tangu aolewe hana hadithi ila ambari yake. Ati yake ndo ya kweli, imetoka kwa wazee wake, na kahawa yake ndo ilokuwa ikimzuia marehemu kuondoka kwake. Mpaka leo, tukikutana kwenye hitima, anakuja akakaa karibu yangu makusudi nimnuse." Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. "Mwambie. Vilevile ulivotwambia, wala usimpunguzie."

Dereva alikuwa anatazama mlango ulio wazi na ubaridi wa kiyoyozi unaopotea. Mimi nilikuwa nimeshajifunza siku hiyo, kwa jasho langu, kwamba kwa watu hawa neno moja ni jambo kubwa, na kazi mpya sikutaka kuianza kwa kosa.

"Nitumie lipi, bibi?" nikauliza. "Niseme kinyesi, au choo?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uzito, kama anayechagua kitambaa cha sikukuu.

"Sie tulikuwa wageni, ukatustahi, ahsante," akasema. "Yule mwambie mavi."